Nitakupikia Kesho: mwongozo wa neno "kupiga" kwa mtu wa Lubumbashi anayefanya biashara na Dar

Biashara yangu na Dar es Salaam ilianza kwa ujumbe mmoja wa WhatsApp. Nilikuwa nimekaa mbele ya meza yangu ya bitenge, soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi), na mtu alikuwa amenipa namba ya kijana anayeuza viatu kwa jumla Kariakoo. Nikamwandikia kwa adabu zote: "Jambo kaka, nitakupikia kesho asubui."

Alama mbili za buluu zikatokea. Kimya. Kisha akajibu: "Karibu sana dada. Utanipikia nini, chapati?"

Sikuelewa. Nilimwonyesha yaya wangu, yaani ndugu yangu mkubwa, yeye ambaye ameenda Dar mpaka amechoka, akacheka hadi akatafuta pa kukaa. Sisi huku tunapika simu. Wao simu hawaipiki, wanaipiga. Yule kijana alisoma kwamba kuna mama wa Kongo asiyemjua ambaye kesho asubuhi atamwandalia chakula, na kwa ukarimu wa watu wa pwani akakubali bila shida.

Tangu siku ile nina daftari dogo la jalada jekundu, na ukurasa wa kwanza umeandikwa KUPIGA. Ukurasa huo ulijaa, nikaongeza wa pili, sasa niko wa tisa. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya anayeanza njia ile ile: Lubumbashi, Kasumbalesa kwenye mpaka wetu na Zambia, Zambia yote, Tunduma kwenye mpaka wa Tanzania, Dar. Maneno mengi humu ni ya Dar, si ya kwetu, na ukiyatumia Lubumbashi watu watakuuliza umerudi lini.

Hatua ya kwanza: rudisha "g" mahali pake

Kiswahili chetu cha Lubumbashi kina tabia ya kukaza sauti ya "g" ikawa "k". Ndiyo maana tunakula bukari, na ndugu zetu wa Bukavu wanakula bugali, na Dar wanakula ugali, na sufuria ni ile ile. Ndiyo maana pia "kupiga" na "kupika" kwa wengi wetu ni neno moja. Tunapika chakula, tunapika simu, tunapika foto, tunapika magoti kanisani, na mtoto mkorofi tunamupika vilevile. Hakuna anayechanganyikiwa, kwa sababu tunasikiliza kinachofuata.

Wala si aibu. Kiswahili kilifika Katanga kwa miguu, na wafanyabiashara waliotoka upande wa Unyamwezi kabla ya Mbelgiji yeyote. Msiri mwenyewe, aliyetawala kutoka Bunkeya mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891, watu wake walitoka huko. Baadaye migodi ya shaba ikakusanya watu wa makabila mengi wakalichonga neno kila mmoja kwa ulimi wake. Lakini mteja wako wa Kariakoo hana muda wa historia hii. Yeye anasikia "kupika" anaona jiko.

Zoezi lenyewe ni jepesi. Sema kwa sauti, ukiwa peke yako: "Nimepiga simu, nimepika chai. Nimepiga picha, nimepika maharage." Fanya hivyo siku tatu, utashika.

Kosa linalokuja baada ya hapo ndilo linalochekesha zaidi. Ukishaogopa "k", unaanza kutia "g" kila mahali. Mimi nililala kwa mwenyeji mmoja Mbagala, nikaamka mapema kumsaidia kazi za nyumbani, aliporudi nikamwambia kwa fahari: "Dada, nimepiga ugali na maharage." Akafungua sufuria, akaona chakula kipo, akashangaa. Kwa vijana wa Dar, kupiga ugali ni kuula. Kupiga msosi ni kula chakula. Mimi nilikuwa nimemwambia kwamba nimeshamaliza kila kitu.

Hatua ya pili: funika kitenzi kwa kidole

Huu ndio ufunguo wangu, na kama utasahau mengine yote shika huu. Ukiona "piga" kwenye ujumbe, weka kidole juu yake usome neno linalofuata tu. Simu. Pasi. Deki. Kura. Mluzi. Debe. Neno hilo la pili ndilo lenye habari. "Piga" ni mpini wa jembe. Udongo unakatwa na jembe lenyewe.

Sisi wa Kongo tusilishangae jambo hili, kwa kuwa tunalo mara mbili zaidi. Kwa Kifaransa tunasema coup de fil, coup de main, coup d'œil, wala hakuna anayepigwa: mmoja anapokea simu, mwingine anasaidiwa, wa tatu anatupiwa jicho. Na Lingala la nyimbo limetufundisha kobeta libanga, kupiga jiwe, maana yake kuhangaika kutafuta riziki. Kwetu Katanga msemo huo unachoma kidogo, kwa sababu wapo maelfu wanaopiga jiwe kweli, kwa nyundo na tindo, upande wa Kolwezi na Likasi. Lakini karani wa ofisini naye husema anabeta libanga, na mkono wake haujawahi kushika nyundo.

Kwa hiyo ukikutana na "piga" mpya usiende kutafuta nani kaumia. Tafuta kifaa, sauti au tendo. Kupiga pasi, kupiga mswaki, kupiga deki: kuna kifaa mkononi na kazi ya nyumbani. Kupiga chafya, kupiga miayo, kupiga kelele, kupiga vigelegele: mwili unatoa kitu. Kupiga kura, kupiga marufuku, kupiga mnada, kupiga kambi: hayo ni ya redio na magazeti, yameingia kwenye kamusi zamani, unaweza kuyasema mbele ya gavana. Sitakaa hapo, shuleni mmeyasoma.

Debe peke yake nitalisimulia. Debe ni lile kopo kubwa la bati la lita 20 hivi, la mafuta, ambalo wauzaji wa mahindi hupimia. Kupiga debe ni kupigia mtu au kitu kelele za kukisifu. Kituoni utamkuta mpigadebe anagonga ubavu wa daladala kwa kiganja, "Mbagala, Mbagala, wawili wa mwisho!", na debe halipo popote. Mwaka wa uchaguzi wapigadebe huhamia kwenye siasa, na huko pia kuna wawili wa mwisho kila siku.

Hatua ya tatu: angalia nani anaguswa, "piga" au "pigia"

Hapa ndipo watu wetu wengi huanguka, hata wale wenye "g" safi kabisa. Silabi moja inabadilisha kila kitu.

Soma sentensi hizi mbili polepole. "Walinipigia makofi." "Walinipiga makofi." Katika ya kwanza umeimba vizuri ukumbi ukashangilia. Katika ya pili unatafuta barafu ya kuweka shavuni.

Sasa hizi: "Nimepigiwa na mtu wa mzigo" na "Nimepigwa na mtu wa mzigo." Mimi nilimtumia mwenyeji wangu ujumbe wa pili nikimaanisha wa kwanza. Alifika ghalani kwa bodaboda na wanaume wawili. Niliwakuta wamesimama mbele ya kijana wa watu, wanamuuliza kwa nini amempiga mgeni, naye anaapa kwamba amenipa risiti tu.

Kanuni niliyoiandika kwenye daftari ni hii. Kitu kikimwangukia mtu mwenyewe, tumia "piga". Kikienda kuelekea kwake, au kikifanywa kwa ajili yake, tumia "pigia". Picha inamnasa mtu: nipige picha. Simu inakwenda kwake: nipigie simu. Busu linatua: kumpiga busu. Saluti inamwelekea: kumpigia saluti. Kumpiga chenga, kumpiga faini, kumpiga jeki, vyote vinatua. Kumpigia kura, kumpigia debe, kumpigia honi, kumpigia magoti, vyote vinaelekea.

Picha ina mtego wake. "Nipige picha" maana yake mimi niwe ndani ya picha. "Nipigie picha" maana yake nifanyie kazi hiyo, uipige picha bidhaa uniletee. Ukitaka kijana wa duka akutumie sura za viatu vipya, mwambie: "Kaka, nipigie picha hivyo vyeusi." Ukimwambia "nipige picha" na wewe uko Lubumbashi, atafikiri simu yake ina uwezo mkubwa sana.

Na kama hujui ni lipi, kuna njia ya kukwepa ambayo haimchekeshi mtu: sema "nitakupigia" kwa simu, halafu mengine yote taja kwa kitenzi kingine. Kupiga picha kunaweza kuwa "nitumie picha". Hakuna sheria inayokulazimisha.

Mradi tupo kwenye simu: Dar iko saa moja mbele yetu. Ukipiga saa kumi na mbili jioni ya Lubumbashi, kule ni saa moja usiku, na mtu yuko kwenye daladala amebanwa, hatapokea. Piga asubuhi.

Hatua ya nne: mahali pesa inapoingia

Ikiwa una nafasi ya kusoma sehemu moja tu kabla ya kupanda basi, soma hii.

Siku yangu ya kwanza Kariakoo nilinunua viatu vya watoto nyuma kidogo ya Mtaa wa Kongo. Ndiyo, upo, Mtaa wa Kongo, na Mkongo anayeufikia mara ya kwanza hujiona amefika kwao. Hisia hiyo ni ya gharama. Nilipewa bei ya 18,000 jozi, nikadiskite kidogo, nikaachiwa kwa 16,500, nikafurahi. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri usafiri kando yangu akaangalia mfuko, akauliza bei, akatikisa kichwa.

"Pole mdogo wangu. Umepigwa."

Nikajishika mgongo. Nikaangalia mkoba. Hakuna aliyenigusa. Mama akaona sijaelewa, akanionyesha duka la pili kutoka pale: viatu vile vile, 12,000.

Basi andika. Kupigwa, bila neno lolote baada yake, mahali penye biashara, maana yake ni kuuziwa ghali au kutapeliwa. Namna ya kujua kama mtu anasema kipigo cha mkono au cha mfuko ni kuuliza "Kiasi gani?" Akitaja pesa, umeelewa. Ukitaka kusema umedanganywa kwa ujanja mkubwa zaidi, sema umepigwa changa la macho. Changa ni mchanga, na picha yenyewe haihitaji maelezo.

Kupiga hela au kupiga pesa, sasa. Huyu ndiye anayepata. "Jamaa amepiga hela ndefu" maana yake kapata pesa nyingi, na mara nyingi kwa haraka. Je, ni halali? Neno lenyewe halisemi, sauti ndiyo inasema. Mtu akiivuta ile "ndeeefu" na kuangalia pembeni, si halali. Kupiga dili ni jirani yake: umepata mpango, umefanya biashara ya mara moja iliyolipa. Ila mtu wa serikalini akipiga hela, anaitwa mpigaji, wenziwe wapigaji, na kazi yao upigaji. Sisi tungesema "anakula feza ya batu". Wao wanayo "kula" pia, wanayo sana, lakini siku hizi utasikia upigaji kila kona, kwenye magazeti na bungeni. Na wapo wapigaji wa simu, wale wanaotuma ujumbe "ile pesa tuma kwenye namba hii" kwa watu elfu, wakingoja mmoja ambaye kweli alikuwa anadaiwa.

Kupiga mzinga ni kumwomba mtu pesa. Mzinga ni bunduki kubwa ya vita, na ukishapigwa mizinga mitatu kwa siku moja na watu waliokuita "bosi" utaona kwa nini. "Amenipiga mzinga wa elfu tano." Jihadhari, mgeni mwenye mfuko mkubwa na lafudhi ya Kongo hupigwa mizinga kuliko wote. Jibu lake ni kucheka na kusema "mimi mwenyewe nimepigika", maana yake nimefulia, sina kitu. Hilo ni neno zuri la kujua. Kitenzi ni kile kile, na mara hii kinakuokoa.

Halafu kuna mtego ulioninasa mimi vibaya: kupiga bei. Ukisikia bila kufundishwa utafikiri ni kupunguza bei, kuikong'ota ishuke. Mimi nilikwenda duka moja nikamwambia mwenye duka, "Papa, nataka tupige bei ya hizi sandali." Akaniangalia. Akauliza ninazo ngapi. Kupiga bei ni kuuza kitu chako: "Simu yangu nimeipiga bei" maana yake nimeiuza, kwa kawaida kwa sababu ya shida. Kile tunachokiita huku kudiskite, wao husema kupatana bei, au unasema tu, "Nipunguzie, kaka." Wakati huohuo nilijifunza kwamba mwanaume wa makamo pale huitwa "mzee" au "baba". "Papa" kwao ni samaki mkubwa wa baharini mwenye meno, au kiongozi wa Wakatoliki.

Ofisini au bandarini mambo yakichelewa, yapo mawili ya kujua. Kupigwa danadana: danadana ni ule mchezo wa kurusha mpira kwa mguu usianguke chini, nawe ndiwe mpira, unatumwa dirisha la pili, dirisha la pili linakurudisha la kwanza. Kupigwa kalenda: unaambiwa njoo Jumatatu, Jumatatu unaambiwa Alhamisi. Yaya wangu anasema hayo mawili angeyaelewa hata bila Kiswahili.

Hatua ya tano: maneno ya kijiweni, sikia kwanza

Hapa nitapita mbio. Kijiwe ni pale vijana wanapokaa kuzungumza, na huko "piga" inazaa watoto kila wiki. Kupiga stori ni kuzungumza. Kupiga misele ni kuzunguka huku na huku kutembea. Kupiga pamba ni kuvaa ukapendeza, na mimi ninayeuza nguo hilo nalipenda kuliko yote. Wasapeur wetu, wale wanaojulikana kwa kuvaa kwa fahari, wangelichukua leo. Kupiga kimya ni kunyamaza, hasa kutojibu ujumbe. Kupiga chabo ni kuchungulia. Kupiga kamba, au kupiga fiksi, ni kusema uongo. Kupiga mtungi ni kunywa pombe. Wanafunzi wanapiga msuli, yaani wanasoma usiku kucha, na mwisho wa mwezi wanapiga deshi, yaani wanalala bila kula. Mpenzi akikuacha, amekupiga chini au amekupiga kibuti. Mtu akikusaidia kidogo, amekupiga tafu.

Nairobi wana yao. Huko kupiga luku ndiyo kuvaa vizuri, na kupigwa ngeta si utani hata kidogo: ni kukabwa shingo na wezi. Usichanganye na ya Dar.

Ushauri wangu ni huu: katika wiki mbili za kwanza, yaelewe lakini usiyaseme. Mgeni anayesema "nimepiga pamba" mbele ya mama mwenye nyumba ananisikitisha kama yule Mzungu anayesema "oyo te" kwa nguvu zote. Yana umri, hayo. Kijana wa miaka ishirini anayasema kwa kijana mwenzake. Kwa mama, kwa mzee, kwa shehe au padri, unasema umevaa vizuri basi. Ukiona watu wa rika lako wamekuzoea, wanakuita jina na kukutania, jaribu moja. Kupiga stori ni salama kuanza nalo.

Na kuna moja la kuwekea alama nyekundu: bao. Kupigwa bao ni kuzidiwa ujanja, "wametupiga bao", na uwanjani bao ni goli. Lakini lina maana nyingine ya chumbani, na inategemea nani yuko mbele yako na anacheka vipi. Mpira wakifunga, sema "wamefunga". Niliyaona macho ya watu siku niliyosimulia ushindi wa Mazembe, timu yetu ya mpira, sitaki uyaone.

Hatua ya sita: jipime kwa ujumbe wa dereva

Ujumbe huu nimeutunga kwa kuchanganya jumbe nyingi ambazo madereva wa malori wamenitumia. Usome, funika kila "piga", kisha angalia chini.

"Shikamoo mama. Samahani nilipiga kimya, simu ilizima chaji. Tumepigwa danadana hapa Tunduma siku mbili. Jamaa mmoja akataka kunipiga mzinga nikampiga chenga. Kuna mtu anasema mzigo wako umepigwa bei njiani, huyo anapiga kamba, usimsikilize. Jana tumepiga deshi. Nipige jeki kidogo ya chakula, nikifika Kasumbalesa nitakupigia."

Tafsiri ya mfanyabiashara: dereva hakujibu kwa sababu simu ilikufa, si kwa sababu amekimbia. Mpaka umewachelewesha kwa njoo-nenda. Mtu aliomba pesa, dereva akamkwepa, kwa hiyo asikudai hiyo. Anayesema mzigo wako umeuzwa anadanganya. Hawakula jana. Anaomba umsaidie pesa kidogo, na atakupigia simu akifika mpakani.

Maneno tisa ya "piga" na hakuna aliyeguswa hata unywele. Mama mmoja wa jirani yangu sokoni aliposomewa ujumbe wa namna hii alianza kulia kwamba dereva wake amepigwa Tunduma na mzigo umeibwa. Tulimpa maji.

Ukitaka kujibu, usijitese. "Marahaba mwanangu. Pole na safari. Nimekutumia ya chakula. Ukifika Kasumbalesa nipigie, usipige kimya." Umetumia mawili, yote sahihi, na umesikika kama mtu wa njia.

Hiyo "shikamoo" nayo usiiache hewani. Sisi huku tunasema "jambo yenu" kwa mdogo na kwa mkubwa, inatosha. Kwao kutoijibu kwa "marahaba" ni kumpiga mtu mlango usoni, na hilo nimelitunga mimi, msilitafute kwenye kamusi.

Kwa dereva anayekuja upande wetu

Njia ina pande mbili. Madereva wa Dar wakishavuka Kasumbalesa wana kilomita 90 hivi tu kabla ya kuingia Lubumbashi, na huko ni zamu yao kufundishwa.

Kaka dereva, ukiambiwa "nitakupikia", usijiandae kula. Ni simu. Ukiambiwa "tupike foto", simama vizuri, tabasamu. Kijana akikuambia kaka yake "anapika gitare", hana wazimu, ni mwanamuziki. Ukitaka kujua kama kweli mtu anazungumzia chakula, ngoja ataje chakula chenyewe: bukari, sombe, mboga. Chakula kisipotajwa, hakuna jiko. Na mtu mzima hapa muite "papa", mwanamke mzima "mama", aliyekuzidi kidogo "yaya". Usihofu, hakuna papa wa baharini, bahari yenyewe iko kwenu.

Mwaka jana mmoja wao alikaa uani kwangu akisubiri karatasi za mzigo. Mbabula ilikuwa inawaka, sufuria kubwa juu yake, maji yanachemka kwa ajili ya bukari. Mtoto wa jirani akapita mbio, akamwaga unga wote chini. Mama yake akatoka mlangoni akapiga kelele:

"Weye! Leo nitakupika!"

Dereva alisimama, akamnyanyua yule mtoto, akampeleka upande wa pili wa ua mbali na sufuria, akabaki amemshika mkono mpaka mimi nilipomaliza kucheka na kumweleza.